Bunduki ya Babu Iliyokatwa: Uirudishe Ilivyokuwa, au Uiache?

Matanga yameisha, sanduku la marehemu limefunguliwa. Fimbo amechukua mjukuu wa kwanza, redio imekwenda kwa shangazi, karatasi za kiwanja zimesomwa mara tatu. Kisha mtu anapanda darini na kuona kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gunia. Ni bunduki ya kijeshi ya zamani. Mbao yake imekatwa kwa mbele, kitako si chake, shingoni imefungwa waya wa shaba. Ndugu wanatazamana. Mmoja anasema, "Hii ikirudishwa kama ilivyotoka kiwandani, ni mali."

Nimeulizwa jambo hili na watu wa hapa Mkuyuni, jijini Mwanza, wa Butimba, wa ng'ambo Sengerema, hata na kijana mmoja wa Ukerewe aliyenisubiri kivukoni. Maneno hutofautiana lakini swali ni lile lile: niirudishe ilivyokuwa, au niiache? Jibu fupi: mara nyingi, iache. Jibu refu ndilo makala hii, na linaanzia mahali ambapo wengi hawapendi kuanzia.

Kibali kwanza, urembo baadaye

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezi na mtu. Kukutwa na silaha bila kibali ni kosa kubwa, na kesi zake huunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi. Usihesabu umri wa bunduki kama kibali. Kutu si kibali, kukosa risasi si kibali, na "ilikuwa ya marehemu" nayo si kibali. Kibali alichokuwa nacho babu kilikuwa cha babu, hakirithiwi pamoja na ng'ombe.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Iache ilipo. Usivute bolti kuona kama ina kitu ndani. Usimwelekezee mtu hata kwa mzaha. Funga chumba, watoto wakae mbali.
2. Tafuta karatasi. Kitabu cha kibali, stakabadhi, barua ya ofisi ya wilaya, picha ya babu ameishika. Angalia ndani ya Biblia au msahafu, chini ya godoro, kwenye mkebe wa chai.
3. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu. Nenda na msimamizi wa mirathi, na mwenyekiti wa mtaa ikiwezekana. Eleza mlichokiona na kilipo, kisha waache wao waseme kichukuliwe vipi. Usipande daladala na gunia lenye bunduki ukitegemea kwamba utajieleza njiani.
4. Kama una woga, anza kwa wakili au kwa watoa msaada wa kisheria. Woga unaeleweka. Kukaa kimya mwaka mzima ndiko kusikoelezeka mbele ya hakimu.
5. Andika. Tarehe uliyokwenda, saa, kituo, jina la ofisa aliyekupokea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kumekuwa na vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama kile cha Septemba na Oktoba 2022. Ukikuta kipindi kama hicho, kitumie. Usipokikuta, usikae na bunduki darini ukingoja tangazo lijalo.

Na risasi? Zikiwepo, usizifungue, usizisugue, usizitupe ziwani. Baruti ya zamani haina adabu. Waambie polisi zipo na wapi zilipo.

Ijue kwanza ni ipi

Huwezi kuamua kurudisha kitu usichokijua. Polisi wakikuruhusu kupiga picha, piga upande wa kushoto, wa kulia, chini ya kitako na kila mahali penye maandishi. Huku kwetu kanda ya ziwa hutokea aina hizi zaidi:

- Gobore. Hujazwa baruti na goroli kwa mdomoni. Mengi ni kazi ya wahunzi wetu wenyewe kutoka bomba na chuma cha kuokoteza. Hapa hakuna cha "kurudisha", maana halijawahi kuwa na sura nyingine. Kila waya na kila kiraka ndiyo sura yake.
- Mauser ya 1871. Ndefu, nzito, ya milimita 11, huchukua risasi moja moja. Ndiyo waliyokuwa nayo askari wengi wa Mjerumani vita ilipoanza mwaka 1914. Baruti yake hutoa wingu la moshi, na moshi huo ulimwonyesha adui askari alipolala. Ubavuni tafuta maandishi "Mod. 71".
- Mauser ya 1898. Ya milimita 7.92, risasi tano. Baadhi zilishuka kwa meli ya Rubens iliyofika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Herufi "K.S." ni alama ya jeshi la Mjerumani la makoloni. Ukiziona, usiguse chochote.
- Lee-Enfield. Hii ndiyo .303 ya Mwingereza. Zile za baadaye wazee huziita mark four. Magazini yake hubeba risasi kumi. Kwenye ile ya vita ya kwanza, tazama pete ya chuma panapoungana kitako na mwili, upande wa kulia: utaona taji, herufi "GR", kiwanda kama Enfield au Ishapore ya India, na mwaka.

Kuna nyingine huletwa zikiitwa za kale na si za kale: zile zilizobaki mikononi mwa watu baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. SMG si urithi wa babu. Hiyo hatuijadili hapa. Ni ya polisi leo hii.

"Babu alirudi nayo kutoka Burma"

Hadithi hii nimeisikia mara nyingi, na huwa nauliza tena kwa upole. Askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walipigana Ethiopia, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944 na 1945. Lakini jeshi lilihesabu bunduki kuliko lilivyohesabu viatu. Askari alipoachiwa kwenda nyumbani alirudi na kitabu chake cha kuachishwa, medali, koti zito na maneno machache ya Kihindi. Bunduki ilibaki ghalani.

Basi hii ya darini ilifikaje? Njia zinazoaminika zaidi ni hizi:

- aliinunua kihalali baada ya vita kwa ajili ya kuwinda au kulinda shamba;
- alikuwa askari wa wanyamapori na silaha ilibaki kwake kwa utaratibu fulani;
- iliachwa porini au kijijini mwaka 1916, Waingereza walipouchukua mji wa Mwanza mwezi Julai na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini;
- ilipita mikono mingi na hakuna anayejua.

Kwa nini nakusumbua na hili? Kwa sababu anayetaka "kuirudisha" huwa anairudisha kwenye hadithi. Kama bunduki haikwenda Burma na babu, ukiivika mbao mpya na mkanda wa jeshi hujarudisha kitu. Umetunga.

Kimekatwa nini hasa?

Mabadiliko hayalingani uzito. Yagawe mafungu matatu.

*Yanayorudishika bila kuumiza kitu:*
- mkanda wa ngozi ya ng'ombe badala ya ule wa jeshi;
- waya, kamba au ngozi iliyoviringishwa juu ya ufa;
- kitako kilichofungwa kwa skrubu, kama cha kwanza kimehifadhiwa.

*Yanayorudishika kwa kuongeza kitu kigeni:*
- mbao ya mbele iliyokatwa ili bunduki iwe nyepesi porini. Mbao nyingine inaweza kupatikana, lakini haitakuwa yake. Namba hazitalingana, na anayejua ataona mara moja.

*Yasiyorudishika kabisa:*
- mtutu uliofupishwa;
- matundu yaliyotobolewa ili kufunga kilenga shabaha kingine;
- maandishi na namba zilizosuguliwa kwa tupa au msasa;
- chuma kilichochomelewa.

Kanuni yangu: likiwepo hata moja la fungu la tatu, acha wazo la kurudisha. Utatumia fedha kuvalisha koti jipya mtu aliyekatika mkono. Na namba ikiwa imefutwa, usijaribu kuichonga upya. Hapo utaonekana umetaka kuficha asili ya silaha, na hutapata wa kukuamini.

Kosa langu mwenyewe

Nilipokuwa kijana nilijifunza useremala kwenye kibanda kimoja pale Mkuyuni, upande wa barabara iendayo Nyegezi. Siku moja mzee mmoja alituletea kitako cha bunduki, kitako kitupu. Bunduki yenyewe, .303 ya Mwingereza, ilikuwa na kibali na hakuitoa nyumbani. Kitako kilikuwa cha mninga, kimechongwa kwa mkono, kina ufa. Aliomba tutie gundi tu.

Fundi wangu alikuwa ametoka. Nikataka kumfurahisha mzee. Nilitia gundi, nikaona mbao imechakaa, nikachukua msasa. Chini ya kitako palikuwa na vikato vya kisu, vifupi vifupi, vimepangwa vitanovitano, na pembeni mstari mmoja mrefu. Nilidhani ni mikwaruzo. Nikasugua mpaka mbao ikawa nyekundu na laini, nikapaka vanishi mara mbili, nikaikausha juani kwa majivuno.

Mzee alipokuja hakutazama juu. Alikigeuza, akapitisha dole gumba pale chini, akarudia tena taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akauliza, "Vile vikato viko wapi?" Vilikuwa hesabu ya baba yake: kila kikato fisi mmoja aliyeingia zizini, na ule mstari mrefu ni usiku aliokuja simba. Alilipa fedha yote tuliyopatana. Sikumwona tena.

Bunduki kama ile jeshi la Mwingereza lilikuwa nazo kwa mamilioni, na ukitaka kuona ilivyokuwa kiwandani zimejaa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Kitako kile kilikuwa kimoja tu duniani. Sehemu niliyoiona chakavu ndiyo pekee iliyokuwa ya familia ile.

Maswali matano kabla ya kuamua

Kaeni kama familia, mjibu kwa maandishi.

1. Nani aliikata? Kama ni babu au fundi wa kijijini, mkato huo ni wenu. Kama ni muuzaji wa juzi aliyetaka kuifanya ionekane nzuri, mkato huo hauna wa kumlilia.
2. Aliikata kwa nini? Kuwa nyepesi? Mbao ilioza? Ilipasuka? Sababu ikijulikana, mabadiliko yanageuka kuwa habari.
3. Kuna kilichokatwa kilichobaki? Tafuteni vizuri. Vipande vya mbao za bunduki nimeviona vikiwa mpini wa jembe na komeo la mlango wa zizi.
4. Kinachotakiwa kufanywa kinaweza kutenduliwa? Kama mjukuu wako hataweza kukitoa bila msumeno, usikifanye.
5. Nani atafanya kazi? Kutengeneza silaha ni kazi ya mwenye leseni. Seremala hodari wa Mkuyuni si fundi bunduki, na ukimpa kazi hiyo umemtia matatani bure.

Ukijibu "ndiyo, kilichobaki kipo", "ndiyo, kinatenduliwa", "ndiyo, fundi ana leseni", na karatasi zako ziko sawa, rudisha kwa amani. Jibu moja likikosekana, simama hapo.

Mnaonibishia

*"Ikirudishwa itapanda bei."* Huko Marekani, ambako baada ya vita bunduki za jeshi ziliuzwa rahisi na watu wakazikata kuwa za kuwindia, wapo wanaozirudisha. Hata huko wakusanyaji hulipia zile ambazo hazijaguswa, na iliyounganishwa vipande vya bunduki tatu huwapumbaza wageni tu. Kwetu hakuna soko la wazi la vitu hivi. Anayekuja kimyakimya na bahasha anakununulia kesi.

*"Nimeona video, jamaa anasugua kutu mpaka chuma kinang'aa."* Jamaa yule yuko kwenye sheria nyingine. Marekani, sheria ya shirikisho huiweka kando bunduki nyingi zilizotengenezwa kabla ya 1899. Usiibebe sheria hiyo mpaka hapa Nyamagana. Zaidi ya hayo, kile kinachong'aa kwenye video ndicho kifo cha kitu cha kale. Rangi ya chuma iliyokomaa miaka mia haitengenezwi dukani.

*"Ni mbovu, haipigi."* Kama ni mbovu au la, atasema mtaalamu wa polisi. Wapo waliosema hivyo wakiwa wamekaa karibu nayo mno.

*"Tutaificha tu, mbona imekaa darini miaka hamsini?"* Miaka hiyo hamsini alikuwepo babu, na huenda alikuwa na karatasi. Leo kuna wewe, mdogo wako mwenye madeni, na mpangaji anayepanda dari kutengeneza umeme.

*"Tukiipeleka hatutaiona tena."* Inawezekana, sikudanganyi. Ndiyo maana nasisitiza picha, namba na maandishi kabla haijaondoka.

Kwa mwenye kibali: tunza, usirudishe

Hewa ya ziwa ni adui. Usiku inaingia na unyevu, mchana bati linachoma, na mbao hupanuka na kusinyaa mpaka ipasuke. Kwa hiyo:

- Iweke kwenye sanduku la chuma linalofungwa kwa mujibu wa masharti ya kibali, mbali na ukuta wa nje na mbali na dari.
- Ndani weka vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya. Vikaushe au vibadilishe mara kwa mara.
- Usiihifadhi ndani ya gunia, sponji au ngozi. Vyote hunywa unyevu na kuulaza juu ya chuma.
- Chuma kifute kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta mepesi ya mashine, kidogo sana. Usitumie oili chafu ya gari, ina tindikali na mabaki ya chuma.
- Mbao iliyokauka ipake mafuta ya kitani kwa ncha ya kitambaa. Vanishi hapana. Rangi hapana.
- Waya wa babu usiufungue kusafisha chini yake. Piga picha, uuache.

Makosa ninayoyaona zaidi ni manne: msasa, brashi ya waya kwenye kimashine, vanishi ya milango, na kutumbukiza skrubu za kizamani kwenye siki usiku kucha mpaka zikaisha meno.

Kwa wasio na kibali: okoeni hadithi

Wengi wenu mtaishia hapa, na si kushindwa. Silaha zilizosalimishwa mara nyingi huteketezwa. Basi mnapoikabidhi, andikeni barua fupi yenye nakala mbili. Semeni ni ya aina gani, ina alama zipi, ilikuwa ya nani, na kwamba familia inaona ina thamani ya kihistoria na inaomba Makumbusho ya Taifa yaulizwe kabla ya uamuzi wa mwisho. Nakala moja igongwe muhuri, irudi nyumbani. Barua haiwalazimishi, lakini isiyoandikwa haijibiwi.

Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, nayo yako karibu nanyi kwa barabara ya Musoma. Usiwapelekee bunduki. Wapelekee picha na simulizi, uwaulize kama yatawafaa.

Kisha tengenezeni jalada la nyumbani:

- picha zote, zilizochapishwa na si za simuni tu;
- michoro ya alama, kwa vipimo vya rula;
- karatasi za babu za kazi au za jeshi;
- simulizi ya watu wawili au watatu, iliyorekodiwa, kila mmoja peke yake.

Hilo la mwisho lifanyeni wiki hii. Na msianze na wajomba wanaojua habari za Burma. Anzeni na bibi. Mbao ile ilipokatwa kulikuwa na mtu aliyeshika taa, na fisi alipopigwa kuna aliyekuwa ndani na watoto akisikiliza. Mwekeeni kiti, mumwonyeshe picha ya ule mkato, mumwulize: nani aliikata, na kwa nini? Kisha nyamazeni.